Nyigu wa dirishani na moyo uliochoka: jibu kwa dada wa Mji wa Kale

"Salaam Daktari. Mie niko Mji wa Kale hapa Mombasa, tumefungiwa kwa ajili ya korona tangu tarehe 6 Mei 2020, hatutoki wala hakuna anayeingia. Duka la mume wangu liko Mwembe Tayari hawezi kulifikia, watoto watatu wako ndani kutwa, na usingizi umenipotea. Sasa kuna nyigu mweusi anajenga kwa udongo juu ya dirisha letu la darini. Siku ya kwanza nilitaka kumfukuza, lakini nikakaa nikamtazama, na wallahi ile saa nzima moyo ulitulia. Tangu hapo kila siku napanda juu kumtazama. Mume wangu asema nimeingiwa na jini. Mamangu kwa simu asema nisimbomolee, nyigu akijenga nyumbani ni dalili ya mtoto. Wifi yangu asema nivunje nipige dawa kwani wadudu ndio waletao maradhi. Na juzi nimeona mwengine wa kijani, ang'ara kama kito, azungukazunguka pale pale, sijui ndiye mumewe? Je, hii hali yangu ni ya kawaida? Ni salama kwa watoto? Na kama si wazimu, nifanyeje zaidi ilhali sina bustani?"

Waalaikum salaam dadangu, na pole sana na kufungiwa. Kwanza tuelewane, mimi ni daktari wa wadudu si wa watu, panadol yenyewe sina ruhusa ya kukuandikia. Kwa hivyo yale ya nyigu nitakujibu kwa kujiamini, yale ya moyo nitakujibu kama mtu anayejua kidogo na aliyepitia hayo hayo, na pale ninapofika mwisho nitakwambia nenda kwa mwenye kazi yake. Nimelisoma swali lako mara tatu na naona unauliza hivi: je, ule utulivu ninaoupata kwa mdudu ni kitu cha kweli ama ni dalili kwamba akili yangu inaanza kuteleza? Nitafika hapo, lakini niruhusu nianze na mwenyewe wa dirishani, manake umemtazama siku nyingi na hujajua bado anafanya nini, na ukishajua utamtazama vingine.

Huyo ni nyigu wa udongo, kwenu wengine humwita dondora, mweusi mwenye kiuno chembamba kama uzi na manjano kidogo miguuni. Ni jike. Dume hajengi kitu, huyo utamwona akizungukia tu maua na majike basi. Yeye huenda mahali penye tope, labda pale tangi lenu linapovuja, anafinyanga kidonge cha udongo kwa taya zake, anakibeba hadi dirishani na kukipaka. Ukitega sikio wakati anapaka utasikia mlio mwembamba wa juu, zzzzz, tofauti na mlio wa kuruka, hapo anautetemesha mwili mzima ndio udongo ulainike ukae vizuri, yaani ni fundi mwenye mashine yake ndani. Akimaliza chumba kimoja anaondoka kwenda kuwinda, na anachowinda ni buibui. Anamdunga, lakini hamuui, anampooza tu, halafu anamleta na kumsukuma ndani, kisha mwingine, na mwingine, hadi chumba kijae. Kwa nini asiwaue? Kwa sababu nyama iliyokufa kwa joto la Mombasa inaoza kabla ya kesho, na yeye hana friji. Buibui aliyepoozwa anakaa mbichi. Kila chumba anakitagia yai moja, anaziba mlango kwa udongo, anaanza chumba cha pili. Yai linatoa buu, buu linakula buibui mmoja baada ya mwingine, linajisokotea kifukofuko, linageuka ndani kwa ndani, na wiki kadhaa baadaye nyigu mzima anatafuna udongo na kutoka. Mama hawaoni wanawe hata siku moja. Kwa hivyo siku utakayoona harudi tena usilie, kazi yake hapo ameimaliza.

Mama yako kwa hiyo hajakosea sana, mtoto yumo kweli kwenye ile nyumba, ila si wako. Na kwa kukataza isibomolewe namuunga mkono mia kwa mia.

Sasa yule wa kijani. Dadangu, huyo si mume, huyo ni mwizi. Naye ni nyigu lakini wa ukoo mwingine kabisa, hajengi wala hawindi, kazi yake ni kuvizia nyumba za wenzake. Akipata nafasi anatia yai lake ndani ya chumba cha yule mweusi, na buu lake likitoka linakula lile buu la mwenye nyumba au chakula chake, kutegemea ni aina gani. Ile ngozi yake inayong'ara ni ngumu kama ngao, na mweusi akimkamata, huyu wa kijani anajikunja duara kama mpira, halafu mweusi hana pa kumshika. Wewe umeona kwa macho yako, ukiwa umesimama na kanga yako darini, tukio ambalo wanafunzi wangu huwa nawapeleka porini kulitafuta na tunarudi bila kuliona. Nakuonea wivu kidogo.

Wifi naye nimjibu kwa upole manake hofu yake ina msingi, ila ameielekeza pasipo. Korona inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa pumzi, kikohozi na chafya. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna ushahidi wowote kwamba hata mbu anaieneza, sembuse nyigu ambaye hata hamgusi mtu. Wadudu wanaoleta maradhi wapo, na huyu si mmoja wao. Na kupiga dawa ya kupulizia ndani ya nyumba ambayo watoto hawawezi kutoka, mimi nisingefanya kwa sababu ya mdudu asiye na kosa, watoto ndio watakaoivuta hiyo dawa. Kama wifi anataka adui wa kweli mwambie aende akaangalie mapipa ya maji. Mji wa Kale kila nyumba inaweka maji, na mbu yule mweusi mwenye miraba myeupe miguuni, anayeuma mchana, anapenda sana kutaga kwenye pipa lisilofunikwa, ndoo, hata kopo la maua. Ndiye mwenye homa ya dengi, ile kidingapopo, na Mombasa si ngeni nayo. Wakati huu mvua za masika zinanyesha na watu wamejaza kila chombo. Hebu funikeni. Na ukitaka, igeuze iwe somo la watoto, chota maji yenye viluwiluwi utie kwenye chupa ya kioo, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, watazame wanavyoning'inia kichwa chini wakivuta hewa kwa mkia, halafu baada ya siku moja au mbili mwaga yote chini penye jua kali, usisahau, maana hao wameshaanza kukua, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi tu.

Haya, jini.

Nikueleze ninavyoelewa mimi kinachotokea. Mtu akiwa na wasiwasi na hana la kufanya, akili inajirudia, inatafuna jambo lile lile, duka, kodi, mama mzee, kikohozi cha jirani, halafu inaanza tena duka. Haipati jibu kwa sababu jibu haliko ndani ya kichwa chako, liko Nairobi kwenye taarifa ya kila siku ya wizara. Sasa ukiipa kitu cha kufuata, kitu kinachotembea kidogo kidogo, kisichokutisha na kisichohitaji ukijibu, ile gurudumu inapungua kasi. Kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, mtu na mkewe, Rachel na Stephen Kaplan, tangu mwaka 1989 waliandika kwamba kuna umakini wa kujilazimisha, kama kupiga hesabu, ambao unachosha, na kuna umakini unaovutwa wenyewe na vitu kama mawingu, majani, maji, na huo unampumzisha mtu. Nyigu anayejenga yuko upande huo wa pili.

Na mimi naongezea langu la uzoefu. Simu pia inavuta macho, lakini habari za korona hazina mwisho, unasogeza unasogeza, hakuna pahali unafika. Nyigu ana mwanzo na mwisho. Anaondoka, unangoja, unajiuliza atarudi, anarudi na kidonge, anapaka, anaondoka. Na ukumbuke siku zenu zimepoteza alama zote, hakuna kengele ya shule, Ijumaa imekuwa kama Jumanne, Ramadhani yote imepita bila tarawehe msikitini. Huyu mdudu amekurudishia saa. Hapo sioni jini, naona mtu aliyekuwa anazama akashika kamba, na kamba ikawa na miguu sita.

Ukiambiwa ni kupoteza wakati wa ibada, mimi si shehe sitatoa fatwa, lakini nyote mwajua kuna sura ya Nyuki na kuna sura ya Sisimizi, na kwenye hiyo ya Sisimizi jeshi la Nabii Suleiman likija, chungu mmoja anawaambia wenzake ingieni majumbani mwenu. Nimeikumbuka sana aya hiyo tangu Machi. (Mwambie mume wako kafyu haikuanza leo.)

Nikuambie na langu basi. Mimi ilikuwa niwe Kwale mwezi wa Aprili nakusanya wadudu wa mikorosho, Nairobi ikafungwa tarehe 6 Aprili nikabaki South B ghorofa ya tano na kibaraza cha kuweka viti viwili. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu wagonjwa kwenye simu mpaka saa saba usiku, mimi mwenye shahada tatu za wadudu, nikasahau kwamba kuna ndoo ya sukuma wiki hapo nje. Siku moja naenda kukata majani nakuta imejaa vidukari, wale wadogo wa kijivu wanaonyonya majani, na badala ya kuwafuta nikavuta kiti. Vidukari majike huzaa bila dume, na anazaa mtoto hai, si yai, na yule mtoto anapozaliwa tayari ana mimba tumboni. Nimelifundisha hilo darasani miaka mingi, lakini sikuwahi kukaa chini nikamwona mmoja akizaa, kinyumenyume, kichwa kikitoka mwisho. Nililala vizuri siku hiyo. Sukuma wiki iliisha lakini, nisikudanganye.

Kuna Mfaransa mmoja, Jean-Henri Fabre, mwaka 1879 alinunua kiwanja cha mawe mawe kijijini Sérignan, kama hekta moja, akakizungushia ukuta na kukaa humo mpaka anakufa 1915, kazi yake kubwa ikiwa ni kutazama nyigu, nyuki na mbawakawa wa pale pale uani. Na mpaka leo sisi wenye maabara bado tunamsoma. Darini kwako panatosha.

Uanzie wapi? Chukua daftari la mtoto lenye kurasa tupu. Andika tarehe, saa, jua au mawingu, na umeona nini, kwa maneno yako, usihangaike na majina. "Mweusi kaleta buibui wa tatu, saa nne na robo." Chora hata kama unachora vibaya, kwa sababu ukichora ndio unalazimika kuhesabu miguu. Jina unaweza kulitafuta baadaye, kuna programu ya simu inaitwa iNaturalist, unatia picha na watu wa dunia nzima wanakusaidia, lakini usianze na hiyo, ukishapewa jina mapema unaacha kutazama. Na wadudu wanategemea joto la jua, kwa hiyo baada ya swala ya alfajiri utakuta wengi wamelala hata unaweza kuwasogelea karibu, kisha kuanzia saa tatu soko linafunguka.

Kwa watoto anza na sisimizi, hao hawakosekani jikoni. Weka chembe ya sukari, ngojeni mpaka msafara ujipange, halafu mwambie mtoto apitishe kidole mara moja kukata ile njia. Wataparaganyika hapo hapo, wanazunguka, wanagusa chini kwa vipapasio vyao, mpaka mmoja aipate tena. Njia yao ni harufu, kila mmoja anaacha tone dogo kwa tumbo lake, na kidole kimefuta. Mtoto wa miaka minne anaelewa hilo kuliko nikimweleza kwa saa nzima. Na kama kwenye ua wa jirani kuna mwembe, tafuta majani yaliyoshonwa pamoja kama pakacha, hao ni sisimizi waitwao maji moto, usiguse maana unawajua wanavyouma, lakini kwa mbali ni ajabu. Wakubwa wanavuta majani mawili yakutane, wengine wanakuja na watoto wao, mabuu, mdomoni, wanawapitisha huku na huku kama sindano ya cherehani, na uzi unatoka kwa mtoto. Wazee wa minazi wanawapenda, mnazi wenye maji moto hauangushi vidaka ovyo, kwa sababu wanamfukuza yule mdudu anayefyonza nazi changa.

Lakini kwa mtu wa Mombasa, na ukiwa na dari, mimi ningekwambia tazama juu. Mvua ikikatika jioni kabla ya kafyu, utaona kereng'ende wa rangi ya manjano wanazunguka hewani hawatui. Wengi wao ni aina moja inayojulikana kwa safari. Mtafiti Charles Anderson, mtu wa mambo ya bahari aliyeishi Maldives, alikuwa anashangaa kila mwaka mwezi wa Oktoba visiwa vinajaa kereng'ende ilhali pale hakuna mito wala mabwawa ya maana ya kuzalia. Akaweka tarehe zake miaka na miaka, mwaka 2009 akaandika kwamba wanatoka India, wanapita Maldives na Shelisheli, wanafika Afrika Mashariki kwa upepo wa kaskazini mashariki, wanataga kwenye madimbwi ya mvua zetu, na kizazi kinachofuata kinarudi na pepo za kusi. Mzunguko mzima anaukadiria kilomita 14,000 hadi 18,000, na hakuna mmoja anayeumaliza, ni vizazi vinne vinapokezana. Yaani wanakuja na kaskazi na kurudi na kusi, njia ile ile ya majahazi yaliyokuwa yanatia nanga hapo chini ya dirisha lako Bandari ya Kale. Kusi imeanza sasa hivi. Nyinyi hamruhusiwi kufika Mwembe Tayari na juu ya vichwa vyenu pengine wanapita wa kwenda Bara Hindi. Sikwambii hili likufundishe kitu, wadudu hawakuumbwa wawe mahubiri yetu, nakwambia kwa sababu ni kweli na mimi kila nikilifikiria nacheka peke yangu.

Usalama sasa. Nyigu wa udongo hana kundi la kulinda, haji kukushambulia, anadunga tu ukimbana mkononi. Watoto wasimame hatua mbili, wasiguse nyumba yenyewe, basi. Akidungwa mtu, osha kwa maji na sabuni, weka kitu baridi, maumivu yanapita. Lakini akivimba uso au midomo, akikosa pumzi, akatokwa na mabaka mwili mzima au akazimia, hiyo ni dharura ya dakika, usiweke kitunguu, usingoje asubuhi, kafyu ama si kafyu mpeleke hospitali na pigeni simu wakati mko njiani. Na ukiwasha taa usiku kuvutia nondo, jambo zuri sana, tundika shuka jeupe mbele ya balbu uone, lakini jihadhari na Nairobi flai, yule mwembamba wa rangi nyeusi na chungwa. Jina linadanganya, si inzi, ni jamii ya mbawakawa, na haumi. Sumu iko ndani ya mwili wake, ukimponda juu ya ngozi ndio inakuunguza malengelenge. Mpulize aondoke. Ukimponda kwa bahati mbaya osha haraka kwa sabuni, na ikiingia jichoni ona daktari wa kweli, si mimi.

Halafu wewe mwenyewe. Kutazama wadudu hakutalipa kodi wala hakutafungua duka, na sitaki mtu akuambie kwamba ni dawa. Ni pumziko. Mimi naona kipimo ni hivi, ukishuka kutoka darini una nguvu kidogo ya kupika, kucheka na watoto, hata kugombana na mume, basi endelea. Ukianza kupanda juu kwa sababu huwezi tena kuwatazama walio chini, au huzuni imekaa wiki mbili haitoki, usingizi haupo kabisa, chakula hakipiti hata magharibi, au imekujia fikra kwamba afadhali usiwepo, hapo nyigu hatoshi, usione haya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ndani ya mtaa useme hivyo hivyo ulivyoniandikia, au kama kutoka ni shida kuna laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, unaongea na mtu kwa siri. Na hilo la usingizi kupotea lishughulikie mapema usingoje likomae. Mume wako naye, ombi moja dogo kutoka kwangu, mlete juu siku moja saa nne asubuhi mkae wote wawili bila kumweleza chochote, mwache auone ule mzigo wa buibui ukiingia. Nadhani neno jini hatulisikii tena.

Kitu kimoja nakuomba kama malipo. Hesabu vyumba vilivyozibwa leo, uviandike kwa tarehe, na uweke alama pale ulipomwona wa kijani ametua. Baada ya wiki chache utaamka ukute matundu ya duara kwenye udongo. Niandikie ni mangapi, na ukiwahi kumwona anayetoka, niambie alikuwa mweusi wa kiuno chembamba au alikuwa yule mwizi.